Anayejifanya Amefunga: Maumivu ya Hedhi kwa Mabinti Zetu

  

Maneno haya niliyasema kwa mdomo mjini Lodwar, siku za mwisho za Shaaban, baada ya Swala ya Alasiri. Mbele yangu walikuwa akina mama na mabinti, na nyuma ya pazia walikuwako akina baba kadhaa ambao kwa kweli nilidhani wataondoka nikitaja mada. Hawakuondoka. Mmoja alikohoa sana, lakini alibaki. Wahariri wameniomba niyaandike ili na walioko Kakuma na kwengineko wayasome. Nimeyaacha karibu vile nilivyoyasema, kwa hiyo ukikutana na maneno ya kibarazani unisamehe.

Naanza na kisa changu mwenyewe. Nilikuwa kidato cha pili, Ramadhani, niko nyumbani. Usiku nikaingia hedhini. Sasa nyumba yetu ina wavulana watatu na mimi msichana peke yangu, na mahali pa kula ni pamoja. Nikafanya wanavyofanya wengi: nikaamka daku nikala na wenzangu, nikasema nawaitul sawm kwa sauti wote wasikie, kulipokucha nikajifanya nimefunga. Lodwar mnaijua. Jua la saa nne tayari linachoma nyayo. Ilipofika Adhuhuri tumbo lilikuwa linanikata, nimejifunga leso kiunoni nikaikaza mpaka pumzi inapita kwa shida, nagaragara mkekani. Maji sikunywa. Dawa sikumeza. Alasiri nikaanza kutapika, mama akasema hii ni malaria, kaka akaita bodaboda tukaenda kliniki.

Kule nikaulizwa, "Umefunga?" Kaka yangu amesimama pale. Nikajibu, "Ndiyo." Nikatolewa damu kidoleni, malaria hakuna. Nikatolewa tena, hakuna. Basi nesi mmoja, mama mtu mzima, akamtuma kaka yangu akanunue maji, kisha akafunga mlango akaniangalia. "Wewe," akaniambia, "umefunga nini?"

Nilicheka huku nalia. Alinipa maji, akanipa kipande cha mkate, kisha kidonge kimoja. Baada ya saa moja nilikuwa nimekaa kitako kama binadamu. Siku ile nilijiuliza, nani aliyeniamrisha nifanye vile? Mwenyezi Mungu hakuniamrisha. Mtume hakuniamrisha. Mama pia hakuniambia kitu, na hapo ndipo penye tatizo: hakuna aliyeniambia kitu.

Tuitazame dini yetu kwanza, maana wengi wetu tumesoma madrasa na mlango wa hedhi tumeupitia mbio mbio, ustadh anaangalia dari na sisi tunaangalia sakafu. Katika Suratul Baqarah, aya ya 222, maswahaba walimuuliza Mtume juu ya hedhi, na Allah akaiita adhaa. Mashekhe wanalifasiri neno hilo kuwa ni udhia, kitu chenye kero na madhara. Kwa hiyo Muumba mwenyewe amekiri kwamba hapa pana taabu. Ni sisi tunaomwambia binti, "Acha kujidekeza."

Tena kiko kisa cha Bibi Aisha (R.A.) katika safari ya Hija. Walipofika mahali paitwapo Sarif akaingia hedhini, akakaa analia. Mtume (S.A.W.) alipoingia akamkuta katika hali ile alimuuliza anacholilia, akamuuliza kama ni hedhi, kisha akamliwaza kwamba jambo hili Allah ameliandika kwa mabinti wote wa Adam, na akamwelekeza afanye yote anayofanya hujaji isipokuwa kutufu. Nawaomba akina baba na makaka mlitafakari lile swali. Alimwona analia, akamuuliza.

Hukumu ya saumu mnaijua, niitaje kwa ufupi. Mwenye hedhi hafungi, na akifunga saumu yake haikubaliki. Si thawabu ya ziada, bali ni kosa. Siku hizo atazilipa baadaye, na swala hazilipi. Damu ikimjia hata dakika tano kabla ya Magharibi, siku ile imekwenda, atailipa. Bibi Aisha mwenyewe amepokewa akisema alikuwa akizilipa siku zake mpaka katika Shaaban. Na yule ambaye damu haijatoka bado, lakini maumivu yameanza siku moja kabla na yamemzidi? Huyo yumo katika saumu, lakini aya ya 184 ya sura hiyo hiyo imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine. Amuulize mwanachuoni anayemwamini kuhusu kiwango cha ugonjwa, asijiamulie kwa kuogopa watu.

Kula kwa faragha ni adabu, sipingi. Kuna watoto, kuna waliofunga. Lakini adabu ni kujitenga kidogo ukale chumbani, sio kukaa na njaa na kiu kutwa nzima huku ukisema uongo kwamba umefunga.

Sasa tuje kwa tumbo lenyewe. Kwa nini linauma? Kila mwezi mfuko wa uzazi hujitandikia utando mwororo kwa ndani. Mimba isipotunga, utando ule huachia ukatoka pamoja na damu. Mfuko wa uzazi ni msuli, na ili uutoe utando huo hujikamua, kama unavyokamua kitambaa kilicholowa. Kinachouamrisha ni kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazotengenezwa katika utando ule ule. Zikiwa nyingi, msuli hujikaza kupita kiasi, damu inayoulisha hupungua, ndipo maumivu yanapokuja. Zikisambaa mwilini huchafua na tumbo la chakula: kutapika, kuharisha, kichwa, jasho la baridi. Kwa hiyo mama akisema ni malaria hajakosea sana kwa dalili, amekosea kwa sababu tu.

Mara nyingi maumivu haya hayaanzi na hedhi ya kwanza. Huanza miezi 6, mwaka, au zaidi baada ya binti kuvunja ungo. Ndiyo maana wengine husema, "Zamani hakuwa hivi, sasa anajifanya." Hajifanyi. Huja damu inapoanza au saa chache kabla, na kwa wengi huisha ndani ya siku 1 hadi 3.

Na msidhani ni wasichana wachache wadhaifu. Mwaka 2019 watafiti walioongozwa na Mike Armour wa Australia walikusanya tafiti 38 kutoka nchi mbali mbali, wasichana na wanawake vijana zaidi ya 21,000. Takriban 7 katika kila 10 walikuwa na maumivu haya, na 1 katika kila 5 alikosa shule au chuo kwa sababu yake. Hesabu darasa la wasichana 40.

Nilipokuwa bweni nilikuwa na mwenzangu kutoka Nariokotome, kule kaskazini kando ya ziwa. Hakuwa Mwislamu, lakini tulilala vitanda jirani na tulikuwa kama ndugu. Nariokotome dunia nzima inaijua kwa sababu ya mifupa ya kijana mmoja iliyopatikana mwaka 1984, Kamoya Kimeu ndiye aliyekiona kipande cha kwanza. Wanasayansi wanasema ina miaka kama milioni moja na nusu. (Habari za mababu wa binadamu siziingii hapa, mashekhe wasije wakaniita.) Ninachosema ni hiki: wataalamu wakubwa wamebishana miaka na miaka kama mgongo wa kijana yule ulikuwa na kasoro au hapana. Na mwenzangu, aliye hai, kutoka hapo hapo, alikuwa akiumwa mgongo na kiuno kila mwezi na hakuna aliyemuuliza hata siku moja unauma wapi.

Njia yake ilikuwa moja: shuka. Alijifunga shuka tumboni, akalala kifudifudi juu ya ngumi zake mbili. Nikamuuliza kwa nini haendi kwa matroni. Akaniambia alikwenda mara moja akaambiwa wasichana wa mjini ndio wenye magonjwa ya hedhi, wa manyatta hawana. Basi akanyamaza. Alikuwa hodari wa hesabu, na nakumbuka mtihani mmoja wa mwisho wa muhula aliufanya ameinamia dawati, akatoka kabla ya muda. Alama zile zilimshusha, na ripoti ikaandikwa kwamba hana bidii. Shule siitaji, na walimu wale wengi walikuwa watu wema. Hawakuambiwa, kama mama yangu.

Hapa mtu atasema, serikali inatoa pedi bure. Ni kweli, sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa mwaka 2017, kila msichana wa shule ya umma aliyebaleghe ana haki ya kupewa pedi. Hata kodi ya VAT iliondolewa kwenye pedi tangu mwaka 2004. Mambo mazuri, Allah awalipe waliohangaika. Ingawa huku kwetu zinafika kwa kusuasua, na mwaka 2025 misaada ilipokatwa Kakuma mabinti wa kambini walirudi kwenye vipande vya nguo. Lakini pedi inazuia damu, haizuii maumivu. Nimeona mikutano ya siku nzima juu ya pedi na neno maumivu halikutajwa.

Basi tufanye nini? Nitaeleza yale ambayo mabinti wanayafanya, niseme lipi linafaa na lipi halifai.

Joto linafaa. Tena linafaa sana, tafiti zimeliona linakaribia nguvu ya dawa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, iwekwe chini ya kitovu kwa dakika 20 hivi. Nilipolisema hili ukumbini mabinti waliangua kicheko: Lodwar yenyewe ni jiko, tena tuongeze chupa? Naam, ongeza. Joto la jua halifiki kule kwenye msuli. Usiku ni bora, na ukiwa huna chupa ya mpira, chupa ya plastiki ngumu yenye maji ya vuguvugu kali inatosha, au kitambaa kilichochovywa maji ya moto kikakamuliwa. Muhimu usijiunguze.

Kutembea na kujinyoosha kunafaa, ingawa ndicho kitu cha mwisho utakachotaka kufanya. Chai ya tangawizi: ziko tafiti ndogo zilizoona inasaidia kiasi, na dada zetu wa Kisomali wanayo shaah yenye tangawizi na mdalasini tangu zamani. Kunywa, haina ubaya. Maji pia kunywa kwa wingi, kwa joto letu hili. Kujikaza leso hakuna faida wala hakuna dhambi, ila usijikaze ukashindwa kupumua kama mimi.

Dawa. Hapa nataka mtulie. Kiosk zetu zinauza Panadol moja moja, na binti akiumwa anameza moja. Panadol hupunguza maumivu kidogo, kwa wengine hutosha. Lakini dawa ya jamii ya ibuprofeni hufanya kazi kubwa zaidi kwa sababu inapunguza utengenezaji wa zile prostaglandini zenyewe. Inazuia moto usiwake, haimwagi maji juu ya moto tu. Ndiyo maana wakati ni muhimu: imezwe maumivu yanapoanza au damu inapoanza tu, usingoje mpaka umelala chini. Kwa aliyetimiza miaka 12, miligramu 200 hadi 400 kila baada ya saa 6 hadi 8, na isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila ya daktari, kwa siku hizo 2 au 3. Imezwe baada ya kula. Narudia, baada ya kula, na maji ya kutosha. Binti anayejifanya amefunga, tumbo tupu, hajanywa maji tangu daku, kisha akaimeza kwa kujificha, anaumiza utumbo wake na figo zake. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu asiimeze mpaka amuone daktari. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16.

Yako maneno mawili yanayozunguka mitaani. La kwanza, eti dawa za maumivu ya hedhi zinaleta utasa. Si kweli. Kumeza ibuprofeni siku 2 kwa mwezi hakufungi kizazi cha mtu. La pili ni hatari zaidi: "Aolewe, azae, yataisha." Kweli wapo wanawake ambao maumivu hupungua baada ya kuzaa, na wapo ambao hayapungui. Lakini kumtoa mtoto wa miaka 15 shule ukamwoza ili atibiwe tumbo, jamani, kidonge kinauzwa kwa shilingi chache.

Sasa nasema jambo zito, na ukumbini nilipofika hapa pakawa kimya.

Kuna maumivu yasiyokuwa ya kawaida. Yanayozidi mwezi hadi mwezi. Yasiyosikia dawa iliyomezwa sawasawa. Yanayouma hata siku zisizo za hedhi, au wakati wa kwenda haja. Damu nyingi mpaka pedi inajaa kila saa. Homa. Hayo ni ya hospitali. Mojawapo ya sababu zake ni endometriosisi, ambapo nyama inayofanana na utando wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko. Shirika la Afya Duniani linakadiria takriban mwanamke 1 katika 10 walio katika umri wa kuzaa anao ugonjwa huu, na wengi hukaa miaka wakiambiwa ni kawaida.

Na iko sababu nyengine, ambayo tumeitengeneza kwa mikono yetu. Waturuki hawakeketi wasichana. Katika hilo tunapaswa kujifunza kwao. Lakini Kakuma, tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, wanaishi watu kutoka Somalia, ambako uchunguzi wa mwaka 2006 ulionyesha takriban wanawake 98 kati ya 100 wamekeketwa, na wengi kwa ile namna ya Firauni, ya kukata kisha kushona na kuacha tundu dogo. Damu ya hedhi haipiti vizuri hapo. Inachelewa, inajikusanya, inatoka tone tone kwa siku nyingi, na maumivu yake chupa ya maji ya moto haiyawezi. Binti wa namna hiyo si mvivu wala hana jini. Anahitaji daktari au mkunga aliyefunzwa ambaye anaweza kumfungua. Hospitali ya kambi na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti hapa Lodwar ndipo pa kuanzia, na kwenda huko hakumvunjii heshima.

Jina lenyewe linatosha: ya Firauni, sio ya Mtume. Mwaka 2006 wanazuoni walikutana Al-Azhar, Cairo, chini ya Sheikh Ali Gomaa aliyekuwa Mufti wa Misri, wakatoa tamko la kuukataa ukeketaji. Na hapa Kenya sheria ya mwaka 2011 inaukataza. Dada mmoja alinifuata baada ya mhadhara akaniambia ana mtoto wa miaka 6 na bibi yake yuko safarini anakuja. Tulizungumza kwa muda mrefu. Sitaandika tuliyoyazungumza.

Kwa walimu wa madrasa nina ombi dogo. Binti akiomba ruhusa ya kutoka, msimuulize sababu mbele ya wavulana. Na mumewe au kaka asione vibaya kubeba pedi mkononi, Mtume (S.A.W.) alikuwa akiegemea mapajani mwa Bibi Aisha naye yuko hedhini, akisoma Qur'ani. Sisi tunaona aibu ya mfuko wa plastiki mweusi kutoka dukani.

Mwisho yalikuja maswali. Mengi yaliandikwa kwenye karatasi kwa kuona haya. Moja liliandikwa kwa penseli, nadhani ni mtoto wa darasa la saba: "Kaka yangu akinikuta nakula mchana niseme nini?" Nikamjibu, sema nina udhuru. Neno ni hilo hilo moja. Akiuliza udhuru gani, mwambie amuulize baba. Akina mama walicheka, nyuma ya pazia hawakucheka.

Kisha karatasi moja ikapitishwa chini ya pazia, mwandiko wa mtu mzima. Alikuwa ni yule aliyekuwa akikohoa. Aliandika kwamba ana mabinti wanne, na kwamba kila mwezi mmoja wao hulala chini siku mbili, naye huwa anatoka nyumbani kwa sababu hajui la kufanya. Akaomba nimwandikie jina la dawa. Nikaandika: ibuprofeni, ya miligramu 200, baada ya kula, maji mengi, na chupa ya maji ya moto. Karatasi ikarudi mara ya pili, ameongeza mstari: je, ni vibaya nikimtuma kijana wangu mkubwa akainunue?

Nikamwandikia, mtume leo hii kabla ya Magharibi.